Ukweli Niliousema Mlangoni

Kwako dada yangu Mueni,

Mwaamkaje huko Kitui? Mvua imewakumbuka? Na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, na chumba changu hapa mtaani Mashimoni hakikuguswa. Lakini tangu kura zilete vita, natembea kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Asubuhi moshi ukitanda, nyumba za Lindi, mtaa wa jirani, huonekana kama zinaelea.

Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Yesu hakutenda dhambi hata moja, wala ulimi wake haukujua uongo. Nimeshikilia hilo hadi utu uzima. Kwenye useremala wenzangu hunitania: mteja akiuliza kama mbao imekauka, Mutua apelekwe nje kwanza.

Sasa sikia nililofanya. Vijana walikuja mchana na marungu, wakagonga kwangu. Sisi Wakamba hawakuwa na neno nasi. Mmoja akauliza, "Fundi, hapo next anaishi nani?" Chumba hicho cha jirani anaishi Mama Njoki, wa kabila walilokuwa wakilisaka, aliyeniletea uji wiki nzima nilipougua malaria. Alikuwa amejifungia ndani na watoto, kimya. Ningesema chumba ni kitupu, wangepita. Lakini nilimfikiria Bwana asiye na doa, nikaogopa kudanganya, nikamtaja. Waliwafukuza, wakachoma kila kitu. Hawakuwapiga, namshukuru Mungu, ingawa hata kushukuru naona aibu.

Siku moja nilisinzia kazini nikaota Yesu anashuka Mashimoni amevaa nyeupe, matope hayamshiki. Nikamfuata kwa furaha. Akapita mlango wangu, akaingia kwa Mama Njoki, akafunga komeo kwa ndani.

Njia zilipotulia nilikwenda Kawangware, kwenye kanisa alikohifadhiwa. Nikampigia magoti. Nikamweleza kwamba sikuwa na chuki naye, niliogopa dhambi tu. Aliendelea kuchambua kunde, kisha akasema polepole, "Mutua, najua Yesu hakuwa na dhambi. Lakini hiyo siku ya kesi yake, mwenye alinawa mikono ni Pilato."

Hakusema amenisamehe. Alinisogezea nusu ya kunde, tukachambua pamoja hadi zikaisha, kisha nikarudi.

Nisalimie mama, shemeji mwalimu, na shangazi Kalondu msusi wa vikapu vya vyondo. Na Jumapili ukiwafundisha watoto habari za Yesu asiye na dhambi, dada, tafadhali usinitaje mimi kuwa mfano.

Ni mimi mdogo wako,
Mutua