Zuhura Abaki Huko Huko Muheza

Kasese, Uganda

Dada yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Kwanza lipe pole goti lako la kushoto. La kulia silipi pole, najua linajifanya tu lisije likasahauliwa. Mama anakula vizuri? Bado anasema wali wa mke wa jirani ni mbichi? Mimi ni mzima, ila tumbo limetangulia mbele, nywele zimebaki nyuma, na joto la hapa linanimaliza. Nilipofika nikaona theluji juu ya mlima, nikamshukuru Mungu na kununua sweta. Kumbe theluji ni ya mlima peke yake. Sisi wa chini tunatoka jasho kama tuko Tanga mjini.

Ile sauti uliyonitumia kwa simu nimeisikiliza mpaka mwenye nyumba wangu ameikariri, na Kiswahili chenyewe hakijui. Unataka umlete Zuhura mwakani asome shule ninayofundisha, apate Kiingereza cha Uganda, na mjomba wake amchunge. Jibu langu ni hapana. Usimlete, dada.

Nakujua lakini. Muuza kanga akikwambia hii haikupendezi, unanunua doti mbili. Kwa hiyo kaa kitako nikueleze, maana hiyo hapana yangu imenitesa hapa kuliko malaria.

Unajua niliajiriwa kufundisha Kiswahili. Mkurugenzi wetu akaona nina mdomo, akaniwekea meza barazani niwe napokea wazazi wanaotafuta nafasi. Mimi nikaona kazi ni rahisi: namuuliza mtoto anataka kuwa nani, tukiwa na anachotaka namwandikisha, tukiwa hatuna namwelekeza kwingine. Kijana mmoja kutoka Mubuku haongei ila injini, nikamwambia baba yake ampeleke chuo cha ufundi upande wa Kisinga. Baba akaitikia kwa adabu zote, akaondoka. Kesho yake akarudi na mjomba wa mtoto, shangazi wa mtoto, na mkungu wa matoke.

"Mwalimu, tumekuja kuomba."

"Lakini nimewaambia shule yenu iko Kisinga!"

"Tumesikia. Ndiyo maana tumekuja kuomba."

Dada, huku wamezoea shule zinazowafuata mpaka sokoni na vipaza sauti, zinawasifia watoto ambao hata hazijawaona. Sasa wakapata shule yenye mwalimu mnene anayewaambia nendeni kwingine. Wakaamua kwamba hiyo lazima ni shule kubwa, imejaa watoto wa wakubwa, na mwalimu mnene anasubiri kutiwa kitu mkononi. Kila ninayemwelekeza kwingine anarudi na mwenzake. Mkurugenzi mwanzoni alinifokea. Siku hizi anapita barazani ananong'ona, "Wafukuze, mwalimu, wafukuze hivyo hivyo. Madarasa yamejaa!"

Basi akaja Bwambale, muuza vitenge wa Bwera, na binti yake Biira. Mtoto mpole, ana macho ya kupima watu. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kuwa mkunga, awe anazalisha akina mama hospitalini. Nikamgeukia baba yake, nikamwambia ukweli: bila kufaulu kemia na bayolojia, chuo cha ukunga hakimpokei, na sisi hatuna maabara. Kuna shule ya wasichana si mbali na kwako, ina maabara na nafasi zipo. Mpeleke kule.

Bwambale akacheka, akanipiga bega. "Mwalimu, mi najua hiyo hapana yako. Mutu mukubwa akisema hapana, iko na maana yake." Akatoka nje, akarudi na jogoo.

Nikamshika mkono, nikampeleka mpaka kwenye chumba kilichoandikwa maabara, nikafungua mlango. Ndani kuna mifuko ya saruji na gunia la maharage. Nikadhani nimemaliza kazi. Akaitazama ile saruji kwa heshima. "Kumbe munajenga! Shule iko na maendeleo."

Akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, wakamalizana. Jogoo akaliwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilipewa paja.

Sikukata tamaa. Siku ya soko nikapanda gari mpaka Bwera kumsihi amhamishe binti kabla muhula haujakolea. Nilimkuta dukani, kanizungukia kwa furaha, kaniagizia soda na samaki. Kabla sijafungua mdomo akawaita majirani zake: "Kujeni muone! Ndiye mwalimu alikatalaka mutoto yangu!" Hata mama wa Kikongo aliyekuwa anachagua kitenge akakiweka chini aje kunitazama. Nikasimama, nikasema kwa sauti kwamba shule yetu haina maabara, haina, haina kabisa. Wakatikisa vichwa kwa kunihurumia. Mmoja akaniuliza pembeni, "Mwalimu, mimi niko na mbuzi. Inatosha?"

Nilirudi Kasese na maombi mapya manne, na Biira yuko pale pale.

Sasa nikwambie nilichokiona, ndipo uelewe kwa nini nakuandikia badala ya kukupigia simu unikate kauli. Nilipita darasani wakati wa kemia. Mwalimu amechora chupa ubaoni, watoto wanachora madaftarini. Biira akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo chupa ni kubwa namna gani?" Mwalimu, masikini, si kosa lake, akaonyesha kwa mikono. "Kama papai." Biira akafuta, akachora papai. Ana akili kuliko mimi na wewe, dada, na atafika mtihani wa mwisho hajawahi kuishika ile chupa.

Zuhura ameniandikia mwenyewe, bila wewe kujua, kwamba anataka uuguzi. Amepangiwa shule ya serikali hapo hapo Muheza, yenye maabara na mwalimu wa kuifungua. Kiingereza atajifunza. Mimi nilijifunza, na unakumbuka darasani nilivyokuwa.

Juzi Biira alinikuta barazani nasikiliza sauti yako. Akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia ni dada yangu, anataka kumleta binti yake asome hapa, naye anataka kuwa muuguzi. Akakunja daftari lake.

"Atakaa dawati gani?"

"Labda na wewe," nikamwambia, kwa mzaha.

Hakucheka. "Mwalimu, mwambie asikuje."

Nimekufikishia.

Mshike Mama miguu kwa niaba yangu, mwambie namwomba dua. Shemeji, fundi wetu wa baiskeli, mwambie barabara za huku zingemtajirisha. Zuhura msalimie, umnunulie viatu vya shule, umpeleke mwenyewe mpaka mlangoni, na goti hilo hilo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukatalia na ninamaanisha,

Shabani