Ntumba za Mama Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi 1952

Penseli tena. Wiki ya tano ya mafunzo ya vitendo, na kazi yangu ni kuchonga penseli za ofisi ya kilimo na kushika ncha ya mnyororo wa kupimia. Niliandika barua tatu kuomba nafasi hii. Chuoni walinionea wivu. Wangeniona leo wangecheka.

Baridi kali. Mpira wa baiskeli ya ofisi umepasuka, nimeisukuma kutoka mjini mpaka Mollo. Mama mkubwa alikuwa ameniwekea ugali wa ulezi karibu na moto. "Kula kwanza, mwanangu." Ni dada yake mama, mjane, ananilaza na kunilisha tangu nije.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechoka kungoja kupewa kazi. Nitajipa mwenyewe.

Bwana Shamba, Mzungu wetu, anataka Ufipa yote ilime matuta marefu yaliyonyooka. Vilima vyetu vya mviringo, ntumba, anaviita upuuzi. Hajui kilichomo ndani. Nyasi tunazifukia zioze, juu tunapanda maharage, mwaka wa pili tunatawanya kilima na kupanda ulezi. Hiyo ndiyo mbolea yetu. Nitamwandikia. Akiridhika atanijazia fomu ya mafunzo vizuri, nitapata cheti, na siku moja mimi nitaitwa Bwana Shamba. Nimelitamka kwa sauti njiani, peke yangu. Linapendeza.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa nimepima shamba la mama mkubwa. Alinishikia kamba huku akicheka. Kurasa nne, na ramani: barabara, kijito, kila kilima. Nimeandika kwamba hakuna shamba zuri kuliko hili Mollo nzima. Jina lake nimeliweka juu kwa herufi kubwa.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Shamba amesoma! Amekuja mwenyewe na gari. Alifukua kilima kimoja kwa mikono. Udongo mweusi, wa moto, nyasi zimeoza vizuri. Akaukanda kiganjani, akaunusa. Nilidhani nimeshinda.

Akajifuta mikono. Akasema ni kweli, lakini amri imetoka juu na yeye haibadilishi. Wiki ijayo mkubwa kutoka Mbeya atapita, na anahitaji shamba la mfano kando ya barabara. Akafungua ramani yangu, akaweka kidole. Hili. Ntumba zote zisawazishwe, matuta yanyooshwe. Msimamizi ni mimi, kwa kuwa shamba ninalijua.

Ninalijua! Mpumbavu mkubwa mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba tungoje mavuno. Hapana. Nimeomba shamba jingine. Akauliza: la nani? Sikuweza kutaja.

Bwana Alfani, karani, alinivuta kando. "Kijana, fomu yako bado iko mezani kwake, haina hata neno moja. Fanya kazi uondoke."

Bila fomu hakuna cheti. Bila cheti narudi Mwimbi mikono mitupu kwa baba, aliyechinja mbuzi kuniaga. Nimebanwa huku na huku. Usiku nimekula chakula cha mama mkubwa na sikumwambia kitu. Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia. Aliendelea kupepeta ulezi. Akauliza swali moja tu: "Maharage yameanza kutoa maua, umeyaona?"

Nimeyaona.

Jumatatu, 17 Machi

Tumemaliza. Watu kumi, majembe kumi. Vigingi nimepiga mimi, kamba nimevuta mimi. Kamba ileile. Maharage yamelala chini na maua yake. Mama mkubwa alisimama mlangoni tangu asubuhi, hakuja karibu.

Matuta yamenyooka kabisa.

Alhamisi, 20 Machi

Mkubwa wa Mbeya amepita. Mvua ilikuwa inanyesha. Gari halikusimama.

Jumatatu, 24 Machi

Fomu imejazwa. "Mchapakazi, mtiifu, anafaa." Sahihi na mhuri. Nimeisoma mara sita nikitafuta furaha.

Nyumbani chakula kipo kila jioni, kimefunikwa, cha moto. Ila haniiti kwa jina lolote. Natamani anitukane.

Ijumaa, 28 Machi

Kesho naondoka. Leo nimechukua jembe, nikaanza kutengeneza ntumba nyuma ya nyumba, mahali barabara haioni. Moja tu. Mikono imelainika kwa penseli, imetoka malengelenge. Alinitazama, akaingia ndani.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika juu ya magunia, lori linaelekea Mwimbi.

Asubuhi nilikuta amefagia uwanja. Kiti chake kimoja alikuwa amekitoa nje, akakipangusa kwa khanga. Siku zote nimekaa naye kwenye mkeka. Uji aliuweka katika kikombe cha wageni. Kisha akapiga magoti, mama mkubwa wangu, magoti yake mabovu yale, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

Hakuwa anatania. Nilimtazama usoni, hakuwa anatania hata kidogo.

Lori likapiga honi barabarani. Nikabeba sanduku.

Tumeshapita mashamba ya Mollo. Bado sijaitika.