Maji ya Kihamba Chetu Yamepimwa

Baba Neema, mume wangu,

Habari za huko sikuulizi, maana tangu tukuzike hapa kwenye migomba ya kihamba chetu ni mimi tu ninayeongea.

Wale vijana wa jiolojia, wa idara yako ileile, wamenipigia simu leo. Wewe ulizunguka nchi nzima kuchora ramani za madini, dhahabu ya watu iko wapi, chuma cha watu kiko wapi, nami hapa Old Moshi nakamua ng'ombe peke yangu. Kila Krismasi ulirudi kama Wachagga wote, ila wenzako walifika na sukari na vitenge, wewe na mfuko wa mawe. Nikinuna, unalamba moja mbele yangu. "Onja, mama Neema, hili linaongea." Nilikuona mwendawazimu, na nilikupenda hivyohivyo.

Safari hii walikuja kwetu, wiki chache kabla ya simu hiyo. Walinieleza kwamba ramani hizohizo za miamba ndizo zinazowaonyesha wapi maji yanaweza kuwa na floraidi nyingi, ile inayowatia watoto meno ya kahawia na kuwapindisha miguu. Wakachota kwenye kisima chetu.

"Yakiwa mabaya, mama, tutakwambia uache kuyanywa," kijana mmoja alisema.

Sasa nikwambie ukweli. Neema ananibembeleza kila siku nikaishi naye mjini. Nakataa. Mke gani anamwacha mumewe kihambani akahamia mjini? Ndugu zako watanisema mpaka kanisani. Lakini nyumba imekuwa kubwa, baba Neema. Napika ndizi za mtu mmoja na bado zinabaki. Basi nikaomba, Mungu anisamehe, maji yawe mabaya, niondoke bila lawama.

Maji ni safi. Kijana wa watu alifurahi kuliko mimi: "Hongera mama! Hayo kunywa tu bila wasiwasi." Nikamshukuru, nikakata simu, nikalia.

Nimekaa hapa kaburini tangu mchana, nang'oa magugu kwenye isale niliyokupandia, mmea wetu wa kuwaheshimu wafu. Nimeshampigia Neema. Atakuja kunichukua Jumamosi, na ng'ombe atachukuliwa na mdogo wako.

Wakiniuliza sababu, sitasingizia maji wala magoti haya yanayouma. Nitawaambia nimechoka kukaa peke yangu, na kwamba nilianza kuchoka ukiwa bado hai.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema