Kisanduku Tulichokiacha Wazi

Awuor,

Jeneza lako lilikuwa jepesi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloliona kila nikifumba macho. Wanaume wanne waliinama, wakalinyanyua kwa nguvu zile walizozoea, nalo likaruka hadi mabegani kabla hawajawa tayari. Mmoja akayumba. Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyozimwa. Ndani mlikuwa na nguo zako, shuka la Mama, na kile chombo cha bati nilichokipakata kutoka Thailand katika ndege zote mbili.

Wiki tatu zimepita. Bado nikiona kitu cha kuchekesha nachukua simu nikuandikie.

Unakumbuka Jumamosi ile chumbani kwangu, mtaani Manyatta, Kisumu? Bei za bima tatu za safari zilikuwa mbele yetu, mimi na daftari langu kama mtahiniwa, wewe umelala chali, miguu ukutani. "Mwalimu, soma kwa sauti," ulinichokoza. Nikasoma ile ya bei nafuu kuliko zote. Matibabu ya dharura. Safari kuahirishwa. Mizigo kupotea. Kisha kisanduku cha nne: kusafirisha mwili wa marehemu hadi nyumbani. Msafiri asipokitia alama, bei inashuka, na akifa kampuni italipia kuzikwa au kuchomwa hukohuko.

Uliinuka ukicheka. "Wacha hiyo! Tunaenda kuogelea, hatuendi kufa. Mtu gani hununua jeneza pamoja na tiketi ya likizo? Utatuitia mkosi."

Mwanamke wa ofisi ya wakala wa bima alipiga simu kuthibitisha. "Madam," alisema kwa upole, "watu wa huku kwetu hawaachi hiyo." Nilimjibu kwa ile sauti yangu ya chuo kikuu kwamba tumesoma masharti na tumeyaelewa. Nikakiacha kisanduku wazi. Lakini kwenye mizigo nilitia alama. Awuor, kwenye mizigo nilitia alama. Begi lako lingepotea popote, lingeletwa mpaka mlangoni.

Siku ya tano, tukinywa chai ya asubuhi, mshipa ulipasuka kichwani mwako. Ulikuwa umeshika kipande cha nanasi. Kufikia alasiri daktari alikuwa ananieleza jambo polepole, na mimi nilikuwa nikitazama kalamu mfukoni mwake. Kampuni ya bima ililipa kila ilichoahidi, bila kubishana. Nilitaka wabishane. Nilitaka mtu wa kumchukia.

Kisha wakanitumia fomu: kuzika au kuchoma. Nyumbani ndugu walichanga, pesa hazikufika hata nusu ya nauli yako ya mwisho, na chumba cha maiti kilinipa hadi Ijumaa. Nikafikiri: nikikuzika hapa, hakuna atakayeng'oa magugu, hakuna atakayeweza kutamka jina lako. Nikatia sahihi uchomwe. Mwandiko ulitoka safi. Hilo pia linanishtua.

Baba mdogo Owino alitupokea uwanja wa ndege Kisumu. Alitazama nyuma yangu. "Yuko wapi?" Nikamwonyesha begi la mgongoni. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Kule kijijini kwetu Seme wazee walikaa kikao. "Jivu sisi hutupa kwenye sukuma wiki," alisema mmoja, wala si kwa ubaya. Hakuelewa tu kilichokuwa mbele yake. Baba mdogo akashauri tuzike yago, lile tunda refu la porini linalozikwa badala ya mtu aliyezama ziwani asipatikane. Mama akanyanyua kichwa. "Yago ni ya mtu aliyepotea," akasema. "Wangu hajapotea. Yuko mezani pale." Mjadala ukaisha.

Lakini swali moja halikuisha. "Bima gani hiyo isiyorudisha mtu?" aliuliza shangazi. "Na nyinyi wasomi, huwa mnasoma nini?" Nilisema kampuni ilikataa. Nilidanganya, udongo wa kaburi lako ukiwa bado mbichi kwenye viatu vyangu. Na kuna baya zaidi. Nilikuwa na jibu lingine mdomoni, limekunjwa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi: ni Awuor aliyesema tukiache. Ni kweli ulisema. Na huwezi kujitetea. Sikujua kwamba ndani yangu mna mtu wa namna hiyo.

Jana nilienda sokoni Otonglo, kwenye kibanda cha mboga cha Mama. Sikuketi. Nikamwambia, "Mama, kampuni haikukataa. Palikuwa na mahali pa kutia alama ili mwili urudishwe. Mimi ndiye niliyepaacha wazi." Nikangoja anifukuze. Aliendelea kupanga nyanya, tatu chini, moja juu. Mteja akauliza bei, akamjibu. Akampa na dhania ya bure.

Kisha akauliza, bila kunitazama, "Nyathina, nani alimwosha?"

Mtoto wangu, aliniita. Na hilo sikuwa nimemwambia mtu. Wahudumu wa chumba cha maiti walitaka kumaliza wenyewe. Niliwasihi kwa ishara hadi mmoja akaniletea beseni na kitambaa. Nilikuosha uso. Nilikuosha mikono. Miguuni, katikati ya vidole, mchanga wa pwani ulikuwa bado umekwama, nikautoa punje kwa punje, na nilikuwa nikikugombeza kwa sauti kwa kutojisugua vizuri.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi niliyemwosha."

Mama aliacha nyanya. Alishika mikono yangu yote miwili, akaifumbata ndani ya yake, akakaa nayo hivyo, wateja wakisubiri. Hakusema amenisamehe. Sijui kama atasema. Alishikilia tu, kwa muda mrefu, hadi mikono yangu ikapata joto.

Jumapili watakuja nyumbani, Baba mdogo, shangazi, wote. Nitawaambia kama nilivyomwambia Mama: kidole kilichokiacha kisanduku wazi kilikuwa changu. Wataniita mpumbavu, na watakuwa sahihi. Lile ulilosema wewe, miguu ukutani, ukicheka, halitatoka kinywani mwangu. Si Jumapili, si siku yoyote. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Lala, dada yangu. Kwaheri.

Mdogo wako,
Akoth