Picha ya Mama Imo Kwenye Faili

Wawi, Jumatano

Kurasa hamsini na tatu, na zote kazigonga muhuri!

Picha ya mapafu ya mama ilitumwa hospitali kwa barua pepe kutoka Dar. Kompyuta yao kuukuu ikashindwa kuifungua, ikaonyesha herufi na tarakimu tupu. Lakini hizo ndizo picha yenyewe! Husafirishwa hivyo, kisha kompyuta nyingine huzirudisha zikawa picha. Wangenitumia mimi tu.

Mzee Hamadi, karani wa masjala, kazichapa zote karatasini, kazigonga IMEPOKELEWA, kazitia kwenye faili, halafu akaifuta barua pepe. "Mwanangu, barua haipotei mikononi mwangu," kanambia, tena kwa fahari.

Dar nakala hawana tena. Daktari hampasui mama bila picha.

Tangu alasiri naziandika upya kwenye kompyuta yangu, herufi moja moja. Najua ni wazimu. Nimefika mwisho wa ukurasa wa kwanza: wino wa muhuri umefunika mstari mzima, hausomeki. Nikafunua wa pili, wa tatu... Pahala pale pale. Mkono wake haujatetereka hata mara moja, yule mzee!

Mama ananiuliza kutoka chumbani kama picha imefika.

Imepokelewa, mama.