Mkono wa Refa

Jumamosi, 8 Juni 1957

Wamefagia mpunga saa tisa na nusu. Saa kumi nimechora mistari kwa chokaa – peke yangu, na kamba na vigingi viwili. Sakafu bado ya moto. Wiki nzima ni ya kuanikia mpunga, sisi watu wa mpira wa kinyoya, badminton, tunaachiwa Jumamosi jioni tu. Si haba.

Kiti changu cha urefa kimekwisha kuundwa! Fundi Pantaleo amekiunda kama dungu la kuwingia ndege shambani: miguu mirefu, ngazi, kibao cha kukalia. Watoto wanacheka, mwalimu analinda mpunga. Waache wacheke. Nikiwa kule juu kila mtu ananisikiliza. Nikishuka, hakuna.

Michezo miwili leo. Mwalimu Tadei kashinda yote miwili, kama kawaida. Nimehesabu bila kosa.

Mikono: sifuri.

Niandike vizuri, maana siku moja nitasahau kwa nini nilianza hesabu hii. Padri aliponifundisha urefa alisema hivi: mchezo ukiisha, wachezaji wanapeana mikono wavuni, halafu wanakwenda kwa refa, mmoja mmoja, wanampa mkono. Aliyeshindwa anatangulia. Ndiyo adabu ya mchezo wenyewe. Nilikubali kazi pale pale!

Sijamwambia mtu adabu hiyo. Mkono wa kuagizwa siutaki. Lakini Tadei anaijua, alijifunza mchezo chuoni, na wengine wote wanamwiga Tadei. Naye akimaliza ananyanyua raketi juu – kwa mkono wa kulia – anasema ahsante refa, anaondoka.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Benchi langu lina nafasi tele, hata siku ambazo watu wamesimama mlangoni.

Jioni Mama Digna, jirani yangu hapa Lipangalala, ameniletea moto. Kauweka chini njiani juu ya kigae, karudi nyuma hatua tano, ndipo akaita: shikamoo mwalimu, moto huo! Mwanamke mwema. Hatua tano lakini. Siku hizi ugonjwa wangu ni huo, kuhesabu.

Ule mwingine umepona. Karatasi ya daktari ninayo tangu Machi: hana ukoma tena, hawezi kumwambukiza mtu. Imebaki alama. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho, vimejikunja na havisikii kitu. Penseli naishika kwa vitatu. Vinatosha.

Jumamosi, 15 Juni

Upepo kutoka mtoni. Kinyoya kilikwenda kinakotaka chenyewe. Vinyoya vya dukani vimekwisha, tunatumia vya Pantaleo: kizibo cha chupa ya dawa na manyoya ya bata. Vinaruka vizuri kuliko nilivyodhani.

Mchezo huu una ukatili wake. Pointi anapata mwenye sevu tu. Asiye na sevu akishinda hapati pointi, anapata sevu – ruhusa ya kuanza. Kijana wa kinu cha mpunga leo kashinda mara sita, mara sita akaipoteza sevu papo hapo, na kwenye karatasi yangu ana sifuri. Nilimwonea huruma kupita kiasi. Nikatangaza kwa sauti: sevu imehama! Sauti ikakatika katikati.

Mwisho wa mchezo yule yule kijana akaja moja kwa moja hadi chini ya ngazi. Nikahamishia penseli mkono wa kushoto. Alikuwa anafuata shati lake, alilitundika kwenye mguu wa kiti changu.

Mikono: sifuri.

Jumatano, 19 Juni

Ghalani. Kazi yangu ni kuandika majina ya wenye mali kwenye magunia kwa rangi nyeusi. Magunia hayaogopi mtu.

Tadei kapita na darasa la nne, wanakwenda bustanini. Darasa langu hilo, zamani. Wameimba shikamoo mwalimu kwa sauti moja, wanavuta ile u ya mwisho kama nilivyokuwa nawakataza wakubwa zao. Nilitaka kulia nikajifanya rangi imeniingia jichoni. Tadei akapunga mkono. Anapunga vizuri sana, Tadei.

Nisimwonee. Mwaka 1954 nilipopelekwa kambini kwa wagonjwa wa ukoma, ni yeye aliyenibebea sanduku. Maili tatu, juani, wengine wote walikuwa na shughuli. Kufika langoni akaliweka chini. Nikanyoosha mkono. Akajifuta jasho usoni kwa mikono yote miwili, akajifuta, akajifuta, akasema haya Kelestini, utapona tu. Akageuka.

Tulilala chumba kimoja chuoni miaka miwili. Tulikula sahani moja! Mke wangu alirudi kwao Malinyi mwaka ule ule, na huyo nimekwisha msamehe, sijui kwa nini ilikuwa rahisi. Kwa Tadei nashindwa. Naona kama mkono wangu bado umenyooshwa pale langoni.

Jumamosi, 22 Juni

MKONO!

Niandike kwa utaratibu. Karani mpya kahamia hapa kutoka Mahenge, anaitwa Donati. Mrefu, anacheza kama anafukuza nyani shambani, raketi kila upande. Kamshinda kijana wa kinu, 15 kwa 8, 15 kwa 12. Wakapeana mikono wavuni. Kijana wa kinu akanyanyua raketi kwangu kama Tadei. Donati yeye akaja. Akapanda vidaraja viwili vya ngazi! Akanyoosha mkono, akasema ahsante mwalimu, umetuhesabia vizuri.

Penseli ikaanguka. Nikampa. Nilimsikia kwa vidole vitatu: joto, jasho, malengelenge ya raketi. Vile viwili vilikuwepo tu, kama wageni wasiojua lugha. Akautikisa kweli kweli, si kwa ncha.

Tadei alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu mno. Viatu vya raba vina kamba ngapi?

Mikono: moja. Nimekula wali kwa kijiko ili nisiunawe mkono. Mjinga mimi! Sijali.

Fainali Jumamosi ijayo, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo. Tadei na Donati.

Jumapili, 23 Juni

Furaha imechacha kabla ya Misa. Donati ni mgeni. Hajui. Angejua, angepanda ngazi ile? Nimechukua mkono wa mtu kwa kunyamaza kwangu. Ni sawasawa na refa kuandika pointi isiyochezwa.

Nimeifuta ile moja. Mikono: sifuri, mpaka niseme.

Jumanne, 25 Juni

Nilikutana naye njiani. Sikusema. Nilimweleza habari za upepo.

Alhamisi, 27 Juni

Nimesema.

Alikuja ghalani na hati za magunia yaliyotoka Michenga. Nikamwambia kabla hajavuta pumzi: Bwana Donati, nilikuwa mgonjwa wa ukoma, miaka mitatu, nimepona, karatasi hii hapa. Nikaitoa.

Hakuisoma. Akasema anajua. Tadei alimwambia Jumamosi ile ile, asubuhi, kabla ya mchezo. Alimwambia kwa wema tu – yule refa wetu ukimaliza mnyanyulie raketi, inatosha, wote tunafanya hivyo.

Nikamwuliza, sasa mbona ulikuja? Akaona aibu kidogo. Mama yake mdogo alikuwa na ukoma, kule Mahenge. Ndiye aliyemlea. Anasema siku ya kwanza ya shule alimfunga vifungo vya shati kwa vidole vya namna hii, akaonyesha vyangu, na ilimchukua muda mpaka kengele ikalia. Akacheka. Akachukua hati zake akaenda.

Nimeirudisha ile moja. Kwa wino safari hii.

Ingenitosha, kwa mtu mwenye akili. Lakini tangu saa ile nachemka. Kwa wema tu! Kumbe Tadei anafundisha! Hakuniepuka yeye peke yake, anawafundisha na wengine namna ya kuniepuka, kama somo la jiografia. Na keshokutwa nitakaa juu ya kichwa chake saa nzima, penseli mkononi. Uwanja ule una mistari mingi, na macho ya kuiamulia ni yangu peke yangu. Mungu anisaidie.

Ijumaa, 28 Juni

Nimekwenda kuungama. Padri kaniuliza, umefanya nini? Nikasema bado. Akasema dhambi ya bado haiungamwi, nirudi Jumapili.

Jumamosi, 29 Juni – saa kumi na mbili kasorobo, juu ya kiti

Naandika nyuma ya karatasi ya pointi, nitaibandika daftarini. Mchezo umesimama. Kinyoya cha mwisho kimevunjika na Pantaleo kapanda baiskeli kufuata vingine nyumbani kwake. Mwanga umebaki wa nusu saa.

Haraka basi. Mchezo wa kwanza Tadei, 15 kwa 11. Wa pili Donati, 15 kwa 9. Wa tatu walikwenda bega kwa bega, watu wamejaa mpaka juu ya magunia, akina mama na nguo zao za sikukuu. Donati 13, Tadei 12, sevu ya Tadei. Akakipeleka kinyoya juu kabisa, nyuma kabisa, kikaanza kushuka kwenye mstari wa Donati. Nikapiga kelele: NJE!

Niliita kabla hakijagusa sakafu. Kabla! Mdomo ulitangulia jicho. Na nilifurahi. Niandike hivyo hivyo, nilifurahi, utamu ulinipanda hadi masikioni.

Watu wakazomea. Tadei alinitazama, halafu akatazama chini, kama mtu ambaye alikuwa anaisubiri. Hapo ndipo utamu ukaisha. Nikaona ningenyamaza tu ingepita, nani humwuliza refa? Kesho ningehesabu nini tena, na nani aniamini – mimi mwenyewe ningejiamini?

Nikasema, nileteeni kinyoya. Hakuna aliyekileta. Nikashuka mwenyewe, nikapita katikati yao, wakanipisha upana wa mlango. Nikakiokota. Manyoya mawili yamevunjika. Na kile kizibo cha chupa, upande mmoja, cheupe. Chokaa. Chokaa yangu, niliyoichora leo saa kumi!

Nikapanda tena. Nikatumia sauti ya darasani, sikujua kama bado ninayo. Refa amekosea. Amesema kabla ya kuona. Kinyoya kilikuwa ndani, pointi ya Tadei, kumi na tatu sawa.

Hakuna aliyepiga makofi. Donati akaitikia kwa kichwa. Yeye ndiye aliyetangulia kufika kumi na tatu, kwa hiyo hiari ni yake kuongeza tano, naye kaongeza. Tunaanza sifuri kwa sifuri, wa kwanza kufika tano ndiye mshindi.

Sasa tunamngoja Pantaleo. Donati kakaa chini anakunywa maji ya kata. Tadei kasimama wavuni peke yake. Muda mrefu. Anachezea uzi wa raketi.

Anakuja huku.

Labda anataka maji. Mtungi uko upande wa pili. Labda anataka kukiona kile kizibo, haki yake, nimekiweka hapa gotini. Namwona Pantaleo mbali, anakanyaga baiskeli kwa nguvu, vumbi tupu.

Yuko chini ya ngazi. Anatokwa na jasho usoni wala hajifuti. Amesema Kelestini. Si refa, si mwalimu. Sijalisikia kinywani mwake tangu langoni.

Mchezo haujaisha! Adabu inasema mchezo ukiisha.

Raketi ilikuwa mkono wa kulia. Ameihamishia kushoto. Amekanyaga kidaraja cha kwanza, na mimi sina mfuko wa kuwekea penseli –