Mkweo Hakuja na Gwanda

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba, halafu ungeniuliza habari za zabibu kabla ya habari za wajukuu. Zabibu hazijambo, wajukuu hawajambo, na mama hajambo ila anagombana na mbuzi wako kama alivyokuwa akigombana na wewe. Nakuandikia kwa sababu siku ya mazishi yako lilisemwa jambo ambalo hukulisikia, ingawa ulikuwa pale pale. Lakini siwezi kulisema hivi hivi. Lazima nianzie kwenye gwanda.

Unakumbuka siku Yohana alipoleta posa? Ulikuwa umeitangazia Makutupora yote kwamba binti yako Sechelela anaposwa na mwanajeshi. Ulichinja mbuzi. Mzee Madeje, jirani yetu asiyeamini kitu mpaka akitie mdomoni, aliwekewa kiti cha mbele ashuhudie. Kisha mchumba wangu akashuka kwenye bodaboda akiwa na shati jeupe lililochomekewa, mkanda mweusi, na viatu vinavyong'aa katikati ya vumbi lile. Mzee Madeje akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu ni karani wa bima," akasema.

Uliyameza maneno hayo pamoja na supu yako, lakini hayakushuka. Wageni walipoondoka uliniita. "Mwambie huyo kijana, ng'ombe abaki nao. Mimi nataka gwanda la jeshi. Asipokuja nalo, hana jibu kwangu."

Basi nikawa katikati ya wanaume wawili wenye shingo ngumu. Nilimfuata Yohana mjini, mtaa wa Ipagala alikokuwa amepanga, nikamkuta anapiga pasi. Yule mtu alikuwa anapiga pasi hata pensi ya kulalia. Nilipomweleza, aliiweka pasi chini taratibu.

"Seche, gwanda ni la kazi. Nikilivaa kwenda ukweni, nimekwenda kuposa au kukamata?"

Nikamwambia avae kofia tu. Hapana. Basi alitie gwanda kwenye mfuko, akuonyeshe chumbani. Hapana. Kikosini kwao, akaniambia, mtu akiwa nje ya kazi anavaa kiraia, na kiraia chenyewe kina amri zake: shati lichomekewe, viatu vifungwe, kandambili ziishie bafuni, na singlendi, ile fulana ya ndani, isionekane barabarani. Nilimwambia kama ni hivyo, akaioe hiyo amri. Nilirudi nyumbani nalia, baba, maana nilimpenda, na nilijua wewe ukishasema hugeuki.

Alirudi siku ya kusikia jibu na shati jeupe lilelile, Mzee Madeje akiwa tena kwenye kiti cha mbele. Hata hajakaa vizuri, ukatoka ndani. Mungu wangu! Ulikuwa umevaa shati la mabaka ya kijeshi ulilolipata kwenye mitumba ya mnadani, mikono imekufunika vidole, na kifuani umebandika beji ya kwaya.

"Mwenye nalo hataki kulivaa," ukasema. "Basi nimelivaa mimi, ukoo usikose mwanajeshi. Tukimaliza hapa naenda nalo barabarani, wanione."

Nilitaka kucheka, lakini nilipouona uso wa Yohana kicheko kikaniishia. Raia kuvaa mabaka ni kosa, na barabara ile magari ya jeshi hayakauki. Wangekuvua shati mbele ya watu, mzee mzima. Lakini mkwe anamwambiaje baba mkwe avue nguo? Hiyo ilikuwa kazi ya mshenga, na mshenga aliyekuja naye alikuwa na mfupa mdomoni na hakuwa na haraka nao.

Yohana akaomba ruhusa, akaenda nyuma ya mizabibu. Aliporudi alikuwa na singlendi. Shati lake alikuwa amelikunja, amelibeba kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Akapiga magoti.

"Baba, hili nimelipiga pasi mwenyewe. Naomba liwe lako. Hilo ulilovaa nipe mimi, nikalisalimishe."

"Na wewe utarudi mjini na nini?"

"Hivi hivi, baba."

"Si nasikia amri zenu zinakataza singlendi?"

"Zinakataza."

Ukaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja, ukamgeukia jirani yako. "Madeje, karani wa bima angefanya hivi?" Mzee Madeje akasema hapana, karani angetaka kwanza sahihi. Ndivyo nilivyoolewa.

Siku ya nyani kufa miti yote huteleza. Yohana kushuka tu stendi, akakutana uso kwa uso na mkubwa wake, yeye na singlendi yake. Walimfyekesha nyasi za kambi wiki nzima. Aliniambia hajawahi kufyeka kwa furaha namna ile.

Na wewe ukawa unalivaa lile shati kila Jumapili, na kila Jumapili ukaliachia nje, likining'inia mpaka mapajani. Tukija kukusalimia, nilikuwa namwona Yohana akiutazama upindo ule huku vidole vinamcheza. Hakuthubutu kusema neno. Ulijua kabisa unamtesa. "Mkwe," ulikuwa unamwambia, "nyinyi ndio wa kuchomekea. Mimi niko nje ya kazi." Kisha unacheka mpaka unakohoa. Kicheko hicho bado nakitafuta nikiingia uani kwako. Nimekukumbuka, baba, na sikujua kumkumbuka mtu kunaweza kuuma hata katikati ya kucheka.

Sasa nikwambie lile jambo. Siku ya mazishi, baba wadogo walikuwa ndani wanakuvisha. Shati lilikuwa lilelile jeupe, na Yohana ndiye aliyelipiga pasi asubuhi ile, kwa muda mrefu kuliko shati linavyohitaji. Chumbani hakuingia, maana mkwe haingii. Alisimama nje ya mlango na suti yake nyeusi isiyo na mkunjo, mimi kando yake. Mara baba mdogo akachungulia. Ukoo mzima unamjua Yohana na kuchomekea kwake, kwa hiyo aliyeulizwa ni yeye.

"Mkwe, tumchomekee?"

Nilimwona akifungua mdomo kusema ndiyo. Akaufunga. Machozi yakamlengalenga.

"Hapana," akasema. "Mwacheni. Mzee yuko nje ya kazi."

Nilitaka ujue kwamba ulimshinda, baba. Pumzika hivyo hivyo, shati nje.

Ni mimi binti yako,
Sechelela, mke wa karani wa bima